Sindano Kumi na Mbili na Pini Moja

Kwa Dada yangu Mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetupitisha sisi wawili katika tumbo moja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji mzima, na watoto wote wazima, na lile goti lako la kushoto limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Mimi mwili haujambo, ila moyoni nachemka kama birika lililosahauliwa jikoni. Nimeanza na salamu kwa sababu mama alitulea hivyo, kwamba hata ukienda kugombana na mtu unabisha hodi, unauliza hali, unakaa, ndipo unafungua mdomo. Basi nimebisha hodi, nimeuliza hali, nimekaa.

Nimekasirika nawe, dada. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kukupigia simu, maana najua ningeanza kulia, na nikilia wewe unadhani umeshinda. Ndiyo maana naandika. Ukiona mwandiko umepinda na herufi zinapandana, ni huu mkono wangu wa kulia. Naandika mistari minne napumzika, naandika mingine minne. Usije ukasema nimeandika nikiwa nimepagawa.

Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika saba, uliouweka Jumapili kwenye kikundi cha familia, nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza ulinikuta kazini. Nilikuwa nimefungua mapema kwa ajili ya sare za shule, nimekata nusu, simu iko juu ya meza ya kukatia, sauti juu, wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Nilidhani unatuma salamu za Jumapili kama kawaida yako. Wakasikia wote. Wakamsikia dada yangu wa damu akiwatangazia wajomba, mabinamu na mawifi kwamba mdogo wake ameiacha njia, amekwenda kuchomwa sindano za kishirikina, na kwamba kila mwenye imani afunge siku tatu kuniombea. Mteja mmoja, yule mwalimu anayependa sketi za kubana kuliko pumzi yake, alijifanya anahesabu vifungo kwenye boksi. Alivihesabu vifungo vilevile mpaka ulipomaliza. Kisha akaniuliza kwa upole kama sketi yake ingekuwa tayari siku tuliyopanga, au afadhali aichukue tu.

Hukunipigia kwanza. Hukuniuliza. Binamu amekuambia nusu ya habari, ile nusu nyingine umeitunga mwenyewe, ukaipika, ukawapakulia watu wote kabla mimi mwenye habari sijaonja.

Unajua mkono huu ulivyoanza, maana nilikuambia mwaka jana ukasema ni uzee. Kwanza kidole gumba na viwili vinavyofuata vikawa vinakufa ganzi. Halafu mkasi ukaanza kunitoka. Siku moja ulinidondoka ukapita kando ya mguu wangu, ukasimama wima kwenye sakafu ya mbao, nikautazama unavyotikisika nikasema Mungu wangu, leo ningekuwa na vidole tisa vya miguu. Kutunga uzi kwenye sindano nikawa namwomba fundi mwenzangu, mimi niliyemfundisha yeye kutunga. Nilikwenda hospitali. Daktari alinipima, akasema mshipa wa fahamu umebanwa hapa kwenye kifundo cha mkono, akanipa bandeji ngumu ya kuvaa, dawa na mazoezi, akasema nipumzishe mkono, na nisipopata nafuu tutazungumza habari ya kupasuliwa. Kupumzisha mkono! Mimi nakula kwa mkono huu, dada, na watoto wangu wawili wamesoma kwa mkono huu. Mkono ukilala, cherehani inalala, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua duniani.

Hapo ndipo Mama Mdogo aliponiambia kuhusu tabibu wa sindano, ambaye alimtibu mgongo. Ndiyo, nimemwandika. Mdogo wake mama yetu, aliyetulea mama alipofariki, ambaye nyumbani kwako hatajwi huu mwaka wa ishirini na mbili. Yeye ndiye aliyenipeleka, akanisubiri, akanishikia mkoba. Na wewe ulipofika kwake katika ule ujumbe, sauti yako ilibadilika. Ulisema yule mwanamke alianza na wewe kwa pini moja, sasa anammalizia mdogo wako kwa sindano kumi na mbili. Niliweka mkasi chini. Safari hii sikuudondosha, niliuweka.

Nitarudi kwenye maneno hayo. Kwanza nikujibu yale mengine, maana uliuliza mengi ingawa hukuwa unauliza, ulikuwa unahukumu. Mengine niliyauliza mimi mwenyewe kwa hofu kabla sijaenda, kwa hiyo sitayacheka.

Ulisema ni kinyume cha imani. Mimi nilikwenda kwa mzee wetu anayetuongoza sala, nikamweleza. Akaniuliza kama huyo tabibu anataja majina ya vitu, kama anataka kuku au kitambaa cheusi, kama anataka nimwombe mwingine asiye Mungu. Nikasema Mama Mdogo ameniambia hakuna hata kimoja, kuna kitanda na pamba na spiriti. Akasema basi nenda, ukiona jambo usilolielewa uliza, ukiona jambo baya ondoka, miguu unayo. Ndivyo alivyosema. Hakuita kikundi cha familia.

Nilipofika nilichunguza. Ni chumba cha juu, chini yake ni duka la miwani. Kuta nyeupe, kitanda chembamba kilichotandikwa karatasi, ukutani picha ya mtu asiye na nguo wala aibu, amejaa vidoti kama mwenye tetekuwanga. Tabibu ni mama wa makamo yangu, kucha fupi, miwani ikining'inia kifuani, aliwahi kuwa muuguzi kabla ya kusomea kazi hii. Alipotoka kunawa mikono niliinama nikaangalia hata chini ya kitanda, Mungu anisamehe. Kulikuwa na kandambili zake na ndoo.

Kabla ya kunigusa aliniuliza maswali kuliko wanayouliza mahakamani. Natumia dawa gani, kuna dawa ya kuyeyusha damu, nimewekewa kifaa cha kusukuma moyo, nina kifafa, huwa nazimia nikiona sindano, nina mimba. Hilo la mimba nilimwambia kwa umri huu labda mimba ya mawazo, akacheka mpaka miwani ikaruka. Halafu akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia kwa fahari kwamba sijala kitu, nimefunga ili Mungu anilinde na sindano zake. Akaweka kalamu chini. Akasema mtu mwenye njaa akichomwa anaweza kupata kizunguzungu, akanishauri nile au nije siku nyingine, na Mungu ananisikia hata nikiwa nimeshiba. Mama Mdogo alikuwa nje ya mlango, akasikia, akaingia bila kubisha hodi na ndizi mbili kutoka kwenye mkoba, akaniambia nisimtie aibu, nile. Basi nikafungua mfungo kwa ndizi za Mama Mdogo. Ongeza hilo kwenye orodha ya dhambi zangu.

Ulisema wanatumia sindano moja kwa watu mia. Uongo. Kila moja ilikuwa kwenye karatasi yake iliyofungwa, aliichana mbele ya macho yangu, na zikitoka zinaingia kwenye boksi gumu la manjano lisilofunguliwa tena. Ulisema wanakuvua nguo. Nilikunja mikono ya blauzi, nikafungua vifungo viwili vya juu ili apate bega, basi. Ulisema damu inamwagika. Lilitoka tone moja, alilipangusa kwa pamba. Mimi nikijichoma kazini natoka damu zaidi.

Inauma? Hapa nitasema ukweli, maana niliingia nikiwa nimekaza meno mpaka masikio yakalia. Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele, hazina tundu wala dawa ndani. Inapoingia ni kama mbu. Baada ya hapo ndipo panakuja kitu kingine, uzito, kama mtu amekuwekea dole gumba kwa ndani na kulikandamiza taratibu. Moja ya karibu na kiwiko ilinipiga shoti mpaka kidole cha kati, nikamwita mama. Tabibu akaitoa kidogo, ikatulia. Dakika ishirini nimelala. Nikasikia duka la chini mtu anagombania fremu ya miwani. Nusura nisinzie.

Na nimepona? Hapana. Tabibu mwenyewe alisema nisitarajie muujiza, wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii, niende mara sita halafu tuamue, na nisivue bandeji ya hospitali wala kuacha mazoezi ya daktari. Mkono ulikuwa mwepesi siku mbili, siku ya tatu ganzi ikarudi, ila si kama zamani. Ndiyo habari yote. Ungenipigia simu ningekuambia kwa dakika tano.

Sasa dada, vuta kiti ukae vizuri. Kama shemeji yuko karibu mwombe akupishe kidogo.

Nilizihesabu. Unanijua. Mmeniita Hesabu tangu nilipoanza kushona, kwa sababu ya mazoea yangu ya pini. Fundi anapima nguo mwilini mwa mteja kwa pini, na kabla nguo haijatoka mkononi mwake anazirudisha zote kwenye kikopo huku anahesabu, maana ikibaki moja itamchoma mwenye nguo. Kwa hiyo tabibu alipokuwa ananichoma nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Kumi na mbili. Mkononi, kwenye kiwiko, mbili begani.

Alipozitoa alihesabu kwa sauti, akiziweka kwenye sahani ya chuma. Moja, mbili, tatu. Akafika kumi na moja akasimama. Akahesabu upya. Mimi nilishaanza kuinuka navuta kola. Akaniwekea kiganja kifuani, akaniambia samahani mama, moja imenipotea, usivae, usiamke, kosa ni langu. Alisema hivyo, dada. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemuuliza, mimi niliyehesabu zikiingia sikuhesabu zikitoka, ningeweza kutoka pale na sindano begani. Mlango ulikuwa wazi nusu na watu watatu wanasubiri zamu yao nje, wanasikia. Akasema moja imenipotea kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Akaipata nyuma ya bega, kola ilikuwa imeifunika. Akaitoa, akaniomba radhi tena.

Nikaanza kulia. Nililia mpaka karatasi ya kitanda ikalowa. Akadhani ameniumiza.

Dada, siku ya harusi yako nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu na gauni lako lilikuwa gauni la harusi la kwanza maishani mwangu. Ulikuwa umekonda kwa wasiwasi, kiuno cha gauni kikawa kipana, nikakipunguza asubuhi ileile ukiwa umesimama, watu wanapiga mlango, magari yanapiga honi. Baadaye Mama Mdogo akabaki na gauni peke yake chumbani analipiga pasi, kisha tukakuvalisha. Ulipokaa kwenye kiti mbele ya watu uliruka, na doa jekundu likatokea kiunoni kwenye kile kitambaa cheupe. Shangazi wa shemeji akaingiza mkono, akatoa pini, akaiinua juu wote waione. Akasema kitu kama hiki hakijiweki chenyewe.

Wote wakanigeukia mimi fundi. Akaniuliza pini zangu zimetimia. Nikasema nikaangalie. Nikaenda chumbani, nikafunga mlango, nikafungua kikopo changu, kile chenye ua jekundu kwenye kifuniko na maandishi kwamba ndani mna pini arobaini. Nikahesabu. Thelathini na tisa. Nikahesabu tena kwenye kiganja. Thelathini na tisa. Nilisikia sauti za wakwe nje. Niliwaza kwamba nikitoka na kusema, hakuna bibi harusi atakayenipa kitambaa tena mpaka nife.

Nikatoka nikasema zimetimia, arobaini.

Hakuna aliyeomba kuziona. Kwa nini waombe? Hesabu amehesabu. Basi kama pini si ya fundi, ni ya nani? Shangazi mtu akauliza nani alibaki peke yake na gauni. Ulimtazama Mama Mdogo, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Mimba yako ya kwanza ilipotoka miezi sita baadaye, daktari alikueleza sababu, nilikuwepo, nilisikia. Lakini wewe ulishikilia kwamba ni laana ya ile pini. Mama Mdogo alikuja na uji kwenye chupa, ukamfungia mlango. Aliapa kwa jina la Mungu akiwa amesimama nje kwenye ngazi, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba yako, dada, nimekaa kitandani kwako nakukunjia shuka. Nilizikunja vizuri sana. Nikazikunjua nikazikunja tena, ili mikono yangu iwe na kazi wakati yeye anaapa. Hajahudhuria sherehe ya mtoto wako hata mmoja. Kila mwaka ananiuliza watoto wa dada yako wamekuwa warefu kiasi gani, na mimi namwonyesha kwa mkono, mkono huuhuu.

Nina hasira nawe kwa sababu ulimjua tangu hujaota meno na bado ulikubali kwa siku moja kwamba alikulaani. Mtu aliyejinyima chakula chake ili sisi tushibe! Ulihitaji neno la shangazi wa watu na neno la kikopo. Lakini hasira hiyo ni kijiko tu, dada. Sufuria nzima ni yangu. Miaka ishirini na miwili nimesali kila siku, nimeomba mvua, nimeomba afya, nimeomba wateja, nimezunguka zunguka jambo moja kama mtu anayefagia akikwepa pale paka alipolala. Nilikwenda kwa tabibu nikiogopa sindano zitanitia uchafu. Uchafu niliingia nao mwenyewe.

Nilimwambia Mama Mdogo palepale kwenye chumba cha kusubiri, uso bado umevimba. Usifikiri alinikumbatia. Aliniuliza jambo moja tu, nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu siku ileile, kabla keki haijakatwa. Akanirudishia mkoba wangu mapajani, akashuka ngazi peke yake akishikilia ukuta, akasahau mwavuli wake. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa akanitumia maneno mawili matatu kwenye simu: mwandikie dada yako, usinipigie mpaka umwandikie. Nimejaribu kupiga. Hapokei.

Na nitakuambia la aibu kuliko yote. Ijumaa sikuandika. Jumamosi sikuandika. Nilisema mkono unauma. Ni mpaka Jumapili nilipokusikia ukimtukana mbele ya ukoo mzima kwa kosa langu. Hilo nalo linaniwasha, kwamba nilisubiri ubaya wako ndipo nitende haki yangu. Kama usingesema, pengine ningechelewa hadi tumzike.

Barua hii anakuletea mumewe binamu, utaipata Alhamisi. Jumamosi baada ya sala ya mchana nitaweka ujumbe wangu wa sauti kwenye kikundi kilekile, nitasema haya yote kwa mdomo wangu, na nitasema polepole ili hata mjomba asiyesikia vizuri asikie. Kama shemeji na ndugu zake watanichukia, wana haki. Kama hutaki kuniona, una haki pia, nitangoja. Lakini usingoje Jumamosi kumpigia Mama Mdogo. Goti lako lina miaka hamsini na mbili na bado unalalamika kwa ngazi. Yeye ana sabini na minne na amezishuka peke yake kwa sababu yangu. Msije mkafunga siku tatu kwa ajili yangu. Kula, upate nguvu ya kushika simu.

Nisalimie shemeji, umwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nitakapokuja kumwomba mwenyewe. Wabusu watoto. Msalimie na shangazi wa shemeji kama bado yu hai, umwambie swali lake lilikuwa sahihi, jibu ndilo lililokuwa la uongo. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo mpana kuliko wangu.

Ndani ya bahasha kubwa kuna kikopo chenye ua jekundu kwenye kifuniko. Sijawahi kununua pini ya kujazia. Fungua, zimwage kwenye kitambaa cheupe ili zisikupotee, uzihesabu mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Hesabu